Jinsi Mama Mkwe Alivyopanda Ngome ya Bouillon

Tangu nirudi, kila nikiingia kwa kinyozi wetu pale Galerie d'Ixelles mashine zinazimwa na wote mnanigeukia. Mmoja wenu amesikia kwamba nilimbeba mama mkwe mgongoni mpaka juu ya mnara. Mwingine amesikia tulikula naye mkate mmoja ndani ya treni, mbele ya Wazungu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi la mgongoni halipo na wala haliji. La mkate ni kweli, lakini lina maelezo yake, na kwa kuwa kila nikianza kueleza mnacheka kabla sijafika Namur, nimeamua kuandika. Someni, mcheke mkiwa kwenu.

Mpango wa viti

Kwa wale mliozaliwa huku, nianze na desturi. Kwetu upande wa Uvira, mume hamkaribii mama wa mke wake. Hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na akiwa na neno anampa mtu mwingine amfikishie. Si chuki. Ni heshima, na sisi tunaiita haya. Kinachoiondoa ni mbuzi. Mkwe analeta mbuzi mzima, mama anakula nyama yake mbele ya mkwe huyo, na tangu siku hiyo wanakuwa mtu na mwanawe.

Mimi nilimwoa Furaha nikiwa tayari Ubelgiji, mahari ikapelekwa na wazee wangu, na mbuzi huyo akabaki bila kuletwa kwa sababu haletwi kwa niaba. Mama mkwe alipokuja Brussels kumlea mzazi, baada ya Grâce kuzaliwa, niliona nafasi imepatikana. Nikampigia simu mjomba mkubwa wa Furaha, yule tunayemwita tonton, kumuuliza kama mbuzi wa bucha ya Molenbeek angetosha. Akanijibu: «Mbuzi ya bucha haina miguu. Mbuzi ya mukwe inakuyaka na miguu yake.»

Mbuzi wa kutembea hapa Brussels nimtoe wapi? Hivyo tukaishi miezi mitatu nyumba moja kama nchi mbili zenye mpaka. Nilikuwa napiga hodi kwenye jiko ninalolilipia kodi mwenyewe. Yeye akisikia hodi anageukia dirishani, mimi naingia nikiangalia sakafu, nachukua sahani yangu, naenda kula chumbani juu ya magoti. Furaha alikuwa ananiambia kwamba mtoto amefanana na bibi yake chapa. Namwambia sawa, kama mtu anayeambiwa habari za Japani. Bibi mwenyewe nilikuwa namjua kwa kisogo, na kwa picha za harusi za watu wengine, ambamo yuko mstari wa nyuma na kilemba kimefunika nusu ya uso.

Nawaambia wazi kwamba jambo hili lilinikaa moyoni. Mama yangu mzazi alifariki tukiwa kambi ya wakimbizi. Huyu ndiye mama niliyebaki naye, alikuwa anarudi kwao Jumatatu, na kwa umri wake na visa za siku hizi huenda tusingeonana tena. Na alikuwa hajanisemesha hata neno moja.

Katika miezi hiyo yote aliomba kitu kimoja tu, kuona ngome ya Bouillon. Marehemu mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwaka alichora ngome hiyo ubaoni kutoka kitabu cha zamani cha Wabelgiji, ikiwa juu ya mwamba, na mto ukipita mbele yake na nyuma yake. Na kila mwaka mke wake alimwambia mto hauwezi kupita mbele na nyuma ya nyumba moja, labda nyumba iwe kisiwani. Wakabishana hivyo mpaka mwalimu akaenda zake. Sasa mama alitaka kuona nani alikuwa sahihi.

Furaha alipanga safari hiyo wiki nzima, na mpango wenyewe haukuwa wa treni, ulikuwa wa viti. Mama dirishani, Furaha katikati na mtoto, mimi ng'ambo. Kwenye ngazi Furaha amshike mama, maana goti lake la kulia ni bovu. Jumamosi asubuhi mtoto akaamka na homa. Furaha akatuangalia mlangoni, mmoja huku na mwingine kule, akasema: «Muende tu. Muko bantu bakubwa.»

Bruxelles-Luxembourg mpaka Namur

Tulipanda treni pale stesheni ya Bruxelles-Luxembourg, hatua chache kutoka mtaani kwenu Matonge. Mama mkwe aliketi dirishani na mfuko wa chakula kwenye kiti cha pembeni. Ndani kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga na bukari, ugali wetu, iliyofungwa kwa taulo isipoe. Mimi nikachukua kiti cha nyuma yake, ili anipe kisogo na mimi nisimwone uso. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba mambo yatakwenda vizuri.

Baada ya Ottignies mama akaanza kuongea na mfuko. Aliuambia mfuko kwamba angependa kujua kama treni hii inafika kweli Bouillon. Nikaviambia viatu vyangu kwamba sisi tunashukia Libramont, kisha tunachukua basi. Mfuko ukaulizwa kama basi linasubiri. Viatu vikajibiwa kwamba linasubiri, treni ikiwahi. Tukaendelea hivyo mashamba yakipita, na kusema kweli yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Mbwa, mti na Madame Colette

Namur aliingia mama mmoja wa Kizungu, mstaafu, na kijibwa ndani ya kikapu. Akaomba mfuko wa chakula uondolewe, akaketi pembeni ya mama mkwe. Jina lake Colette. Alikuwa mtu wa kuongea, na kwa kuwa mama mkwe hana Kifaransa kingi, akawa anamjibu kwa tabasamu.

Tulipopita Ciney treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya miti. Wakatangaza kwamba mti umeanguka njiani mbele yetu. Tukakaa. Mama akaliuliza taulo la bukari kuna nini, nami nikaziambia kamba za viatu habari ya mti. Madame Colette akageuka akanitazama, akamtazama mama, akanitazama tena. Akaniuliza kwa sauti ya upole kama huyu ni mama yangu. Nikasema ni mama, ndiyo. Akauliza tuna ugomvi wa muda gani.

Kabla sijajibu alikuwa amesimama. Alinishika bega na kunivuta nikakae pale alipokuwa, karibu na mama, kwa sababu maisha ni mafupi na mama ni mmoja. Watu wa behewa zima wakatugeukia. Mama mkwe akavuta kitenge akajifunika kichwa. Mimi nikashikilia kiti changu kama mtu anayepelekwa polisi, huku nikimweleza yule mama habari yote, haya, mbuzi, mjomba na kila kitu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini, akamkuna mbwa wake, akasema mume wa binti yake huja kila Jumapili, hufungua friji bila kuomba, na humfundisha yeye kuendesha gari. Akaniuliza desturi hii yetu mtu anajiandikisha wapi.

Libramont

Mti ulipoondolewa na sisi kufika Libramont, basi lilikuwa limekwenda. Lililofuata lilikuwa la alasiri, na kwa lile tungefika Bouillon ngome ikikaribia kufungwa. Mama mkwe aliangalia kituo kitupu, akaketi kwenye benchi, akaweka mikono juu ya goti lake bovu. Hakuuliza mfuko kitu. Mimi nilitembea huku na huko nikiisoma karatasi ya ratiba kana kwamba nikiisoma tena itabadilika.

Madame Colette alikuwa ameacha gari lake pale stesheni. Anakaa Paliseul, njia hiyohiyo ya Bouillon, akasema kuongeza mwendo kidogo si kitu. Tukaweka mfuko wa chakula kwenye buti. Mama mkwe akakaa mbele, mimi nyuma na mbwa, ambaye aliniramba sikio njia yote. Mama hakugeuka hata mara moja, na hiyo ndiyo adabu yenyewe. Madame Colette alimweleza kila kanisa na kila ng'ombe tuliyempita, kwa Kifaransa, na mama akawa anasema «oui, maman» ingawa wanalingana umri.

Alitushusha darajani Bouillon, akambusu mama mashavu yote mawili, akaniangalia mimi, akafikiri, akanipungia mkono kwa mbali. Alikuwa ameelewa somo. Gari lilipokwisha kupotea ndipo nikakumbuka kwamba sombe, samaki na bukari vimebaki kwenye buti. Nampa pole mbwa yule kwa miiba ya samaki.

Kitenge

Ngome ya Bouillon iko juu ya mwamba mrefu, imekaa pale kama mtu aliyekataa kushuka. Mama mkwe alisimama darajani akaitazama muda mrefu, kisha akautazama mto Semois ukipita chini yake. Akasema, bila kumwambia mtu, kwamba mto uko upande mmoja tu. Nilisikia furaha kidogo katika sauti ile. Marehemu alikuwa anaanza kushindwa.

Mwenda pole hajikwai, na sisi tulikwenda pole. Mimi mbele hatua kadhaa, nasimama, najifanya naangalia mandhari, mpaka nisikie pumzi zake zimetulia. Ndani tulipita madaraja ya mbao na njia za giza zinazotoa maji ukutani. Uani tukakuta ndege wakubwa wanaoonyeshwa kwa wageni, na katikati yao bundi wawili wamefungwa kamba miguuni, wamekodoa macho mchana kweupe. Watoto wanapiga nao picha. Mama mkwe alipita pembezoni kabisa mwa ukuta akikemea kwa jina la Yesu, na mimi nikaitikia amina kutoka upande wangu.

Tatizo lilikuwa mnara. Ngazi zake ni za mawe, nyembamba, zinazunguka, na miguu ya watu wa karne nyingi imezila katikati. Mama alipanda chache, goti likakataa. Akashuka. Akajaribu tena kwa kushika ukuta. Watu walitupita wakipanda, wakatupita wakishuka, na kila mmoja wao alinitazama mimi, kijana mwenye mikono miwili mizima, nimesimama nayo mfukoni. Kumpa mkono ilikuwa kumvunjia heshima. Kutompa ilikuwa hivyo mnavyoona.

Akakaa kwenye jiwe, akauambia ukuta: «Basi. Nitamuambia kama sikuona.»

Nilijua anamsema nani, na nilijua atakwenda kusema hivyo kwenye kaburi la mwalimu. Iliniuma. Nikaangalia chini, nikaona vitenge vyake viwili, kile cha ndani na kile cha juu, kama mama zetu wote wanavyovaa. Nikakiambia kiatu changu cha kushoto kwamba kama mtu angekuwa na kitenge cha ziada, mwingine angeshika ncha moja na yeye nyingine, na katikati kungekuwa na nguo, si mkono.

Kisha nikasikia fundo linafunguliwa. Ncha ya kitenge ikaja begani kwangu kwa nyuma. Nikaizungusha kwenye ngumi, nikapanda bila kugeuka. Kila ngazi nilisikia uzito wake unaning'inia kwenye nguo, halafu unapungua, halafu unarudi. Watu waliokuwa wanashuka walijibana ukutani kutupisha. Hapo ndipo hadithi yenu ya mgongoni ilipozaliwa, na sasa mmeijua.

Juu kulikuwa na upepo na jua kidogo. Mama mkwe alikwenda ukingo wa kwanza akauona mto, uleule wa darajani. Akavuka taratibu mpaka ukingo wa pili. Akachungulia. Mto ulikuwepo. Semois inaizunguka milima ile kama mshipi, inapita mbele ya ngome, inakwenda zake mbali, inarudi kupita nyuma. Alirudi upande wa kwanza kuhakikisha hawakumdanganya, akaenda tena wa pili. Halafu akasema kwa sauti, kama mume wake yuko pale: «Mwalimu. Ulikuwaka na raison.»

Akacheka peke yake. Kisha akafuta macho kwa mkono, kwa sababu kitenge nilikuwa nacho mimi.

Kushuka

Nilitangulia chini nikiwa nimeshika ncha yangu. Karibu na mwisho, pale ngazi zilipolika zaidi, mguu wake uliteleza. Kitenge kikalegea mkononi mwangu, na kabla sijafikiri chochote nikasikia vidole vimenikamata kifundo cha mkono, ngozi kwa ngozi. Alinishika kwa nguvu za mtu anayezama. Na hakuniachia. Tukashuka zile zilizobaki hivyohivyo, mpaka sakafuni.

Hapo aliniachia, akachukua kitenge chake, akakifunga polepole. Hatukusema neno, hata kwa viatu, hata kwa ukuta. Kwetu jambo kama lile linaitiwa kikao. Kutoka mnarani mpaka darajani niliona nimeharibu kila kitu, kwamba ataondoka Jumatatu akiwa amevunjiwa haya na mkwe asiye na mbuzi, na kwamba hilo ndilo atakalolikumbuka juu yangu.

Njaa nayo ilikuwa imetukamata. Karibu na daraja palikuwa na duka la mikate linafungwa, na katika kioo umebaki mkate mmoja, wenye jibini ya mbuzi na asali. Nikaununua. Nikauweka kwenye benchi karibu naye, nikarudi kusimama mbali. Aliuangalia, akanusa, akautia kwenye mkoba. Sikumlaumu. Basi la mwisho likaja, tukakaa yeye mbele, mimi nyuma kabisa.

Libramont mpaka Brussels

Treni ya kurudi ilichelewa, na ilipokuja ilikuwa imejaa watu waliotoka kutembea msituni na viatu vyenye matope. Mama alipata nafasi kwenye viti vinavyotazamana. Mimi nikabaki nimesimama karibu na mlango. Jemelle watu wakashuka, kiti cha mbele yake kikawa wazi. Nikajifanya sijakiona.

«Papa Grâce.»

Niliangalia nyuma yangu kuona Papa Grâce mwingine. Hakukuwa na mtu. Alikuwa ananitazama, na mkate uko juu ya magoti yake.

«Kuya, ikala.»

Nikaenda, nikaketi kwenye ukingo wa kiti, macho yangu kwenye mkate.

«Mu hii mukate muko nini?»

«Fromage, mama. Ya mbuzi.»

«Mbuzi yenyewe balichinja?»

«Hapana, mama. Banakamuaka tu maziwa. Mbuzi iko nzima.»

«Iko wapi?»

Nikaonyesha dirishani, kwenye vilima na majani, jioni ikiingia. Nikasema iko huko, pengine.

«Inasimama na miguu yake?»

«Ndiyo, mama. Yote.»

Akatikisa kichwa kama hakimu aliyemaliza kusikiliza mashahidi. Akaufungua mkate, akaukata kwa mikono vipande viwili, kikubwa akakiweka kwenye kiganja changu. Chake akakiinua.

«Bon. Mbuzi ya bucha ilikufa, hii iko na miguu. Ni weye uliileta. Na ni miye niko naikula mbele yako. Tonton ya Furaha akikatala, akuye aulize mbuzi.»

Akauma, akatafuna akinitazama. Nikauma na mimi. Jibini ile ina harufu kali, asali ilikuwa imeganda, mkate mgumu, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Bwana mmoja upande wa pili aliye na fimbo za kutembelea msituni alitutakia mlo mwema. Mama akamjibu merci, akapangusa mikono, akaanza kunisimulia habari za mwalimu, jinsi alivyokuwa anachora mto kwa chaki ya buluu na kuwagombeza watoto wanaoufuta kwa mikono. Alisimulia mpaka Namur. Alisimulia mpaka Brussels. Sikuangalia viatu hata mara moja, ingawa uso wake nao nilikuwa bado nauogopa, nikawa namtazama mikono.

Molenbeek

Nyumbani homa ya mtoto ilikuwa imeshuka. Furaha aliuliza mfuko wa chakula uko wapi, mama akasema tulimpa mbwa, akaenda kulala.

Asubuhi ya Jumapili niliamka mapema. Nilisikia vyombo jikoni. Miguu ikanipeleka kwenye mlango kama kila siku, na mkono wenyewe ukagonga. Nikasema hodi, nikasubiri ageukie dirishani.

«Ingia,» akasema. «Mutoto hapigake hodi kwa mama yake.»

Nikaingia. Hakugeuka. Alikuwa amekaa mezani, kichwa wazi bila kilemba, mwanga wa dirisha umempiga usoni, na mtoto amelala kifuani kwake. Nikainua macho nikamtazama, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Paji lile la uso, nyusi zile zilizokutana kidogo, kidevu kile. Nikamwangalia Grâce, nikamwangalia yeye. Furaha alikuwa ameniambia kweli siku zote.